Huyu Namjua

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja, mbele ya vijana, wazee wa mitaa na wasaidizi wenzangu wa kisheria. Waliokosa nafasi ya kufika wameniomba niiweke yote. Nimeiweka kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, wanangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, naomba tuutazame ukumbi huu. Sisi watu wa mjini tunauita Anatoglo. Anatoglo ni nini? Ni jina la mtu. Ni George Arnautoglu, Mgiriki aliyekuja Tanganyika, akafanya biashara, akalima mkonge, na jina lake likabaki kwenye jengo hili. Dar es Salaam ikalichukua lile jina gumu, ikalitafuna, ikalitema kwa sauti yake yenyewe. Leo mtu akipiga simu akisema "tukutane Anatoglo," nani kati yetu anakumbuka kwamba ametaja jina la mhamiaji?

Nimeombwa nizungumzie safari ya mhamiaji kutoka kwenye harakati mpaka kwenye siasa za taifa. Nitazungumzia wanawake watatu au wanne. Lakini naomba nianze na karatasi ya baba yangu.

Baba alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji. Alikuwa kijana wa miaka 14. Akapelekwa makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na huko ndiko nilikozaliwa mimi. Tulilima mahindi, tulilima tumbaku. Baba akitaka kutoka nje ya makazi, hata kwenda Tabora mjini kumuuguza ndugu, alihitaji kibali. Nakikumbuka kile kibali: kipande cha karatasi chenye jina lake, anakokwenda, na siku ya kurudi. Alikikunja mara nne, akakiweka kwenye mfuko wa shati upande wa kushoto. Basi likisimama kwenye kizuizi, mkono wake unakwenda mfukoni. Basi likiondoka, mkono unakwenda tena kuhakikisha kimerudi mahali pake.

Oktoba 2014 nchi hii ilifanya jambo ambalo dunia nzima ililiangalia: wakimbizi takriban 162,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, wao na watoto wao, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia. Uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, si wa kuzaliwa. Baba alipopata hati yake aliiviringisha kwenye mfuko wa rambo, ule mfuko akautia ndani ya mwingine, akaiweka kwenye sanduku la bati uvunguni. Ni raia sasa. Ana haki zake. Lakini mpaka leo, ndugu zangu, nikisafiri naye basi likasimama kwa askari, mkono wa baba yangu unakwenda mfuko wa kushoto. Hakuna kitu mle. Mkono unakwenda tu.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba mhamiaji fulani ameingia bungeni, mimi sianzi kuuliza chama chake. Nauliza: huo mkono uliacha lini kwenda mfukoni? Na nani aliusaidia kuacha?

Sasa nije kwa Cécile Kyenge. Huyu nitakaa naye kidogo.

Alizaliwa mwaka 1964 Kambove, Katanga, Kongo, sehemu ambayo Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Mwaka 1983 akafika Italia, binti wa miaka 19, akitaka kusoma udaktari. Alisoma huku akijipatia riziki kwa kuhudumia watu majumbani mwao. Vijana, mmeelewa? Asubuhi unasoma jinsi mwili wa binadamu ulivyoundwa, jioni unamgeuza mgonjwa kitandani na kumlisha uji. Akahitimu, akabobea katika macho, akafanya kazi Modena, kaskazini mwa Italia. Akaolewa huko, na mwaka 1994 akapata uraia.

Angeweza kuishia hapo. Daktari wa macho, ana mume, ana watoto, ana pasipoti. Nani angemlaumu? Mwaka 2002 akaanzisha chama cha kuwaunganisha watu wa Italia na watu wa Kongo, hasa katika mambo ya afya. Mnajua alikiitaje? DAWA. Katikati ya Italia, mama yule alitafuta jina la kitu kinachoponya akalikuta kwenye lugha yetu. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilisimama, nikamwita mwanangu aje alione.

Hebu fuateni ngazi zake. Mwaka 2004 alichaguliwa kwenye baraza la eneo lake la mji wa Modena. Hicho si cheo cha kutangazwa redioni. Kwetu hapa ungesema ni mambo ya serikali ya mtaa: taa za barabarani, shule ya watoto, taka. Mwaka 2009 akawa diwani wa jimbo la Modena. Mwaka 2010 wahamiaji wa Italia waligoma siku ya tarehe 1 Machi ili nchi ione inavyokuwa wasipofanya kazi, na mwaka huohuo yeye akawa msemaji wa mtandao uliotokana na mgomo ule. Mwaka 2013 akachaguliwa mbunge, na Aprili mwaka huohuo waziri mkuu Enrico Letta akamfanya waziri wa utangamano, waziri wa kwanza mweusi katika historia ya Italia.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 1983 mpaka 2013 ni miaka 30. Vyombo vya habari vya dunia viliandika kana kwamba ameanguka kutoka mbinguni siku ile ya Aprili. Modena walikuwa wanamjua. Mzee ambaye alimpima macho alimjua. Mama aliyekaa naye kwenye kikao cha shule alimjua.

Na hilo ndilo neno langu la leo. Namjua. Sijasema nampenda, wala sijasema ni wa kabila langu. Namjua. Ukienda kwenye kituo cha kura, ukaweka alama mbele ya picha ya mtu, unasema nini? Unasema: huyu namjua, akasimame badala yangu. Kwa mtu aliyetoka mbali, neno hilo halipatikani kwa mabango. Linapatikana mlango kwa mlango, jirani kwa jirani, mwaka baada ya mwaka.

Kuna mwingine aliyelipata akiwa mtoto. Ilhan Omar alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Vita vilipozuka familia yake ikakimbilia Kenya, wakaishi miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi Utange, hapo Mombasa. Mombasa, ndugu zangu, mwendo wa basi la siku moja kutoka hapa tulipokaa! Mwaka 1995 wakaenda Marekani, baadaye wakahamia Minneapolis. Babu yake alitaka kuhudhuria mikutano ya chama ya mtaani, lakini Kiingereza chake hakikutosha. Akamchukua mjukuu, binti wa miaka 14, awe mkalimani wake.

Nataka muione picha hiyo. Chumba kimejaa watu wazima wanabishana. Mzee wa Kisomali ameketi, na pembeni yake mtoto anamnong'oneza: "Babu, huyu anasema hivi. Yule anajibu hivi." Yule mtoto alifikiri anamsaidia babu. Kumbe babu alikuwa amempeleka shule. Ni wangapi hapa mmekuwa wakalimani wa wazazi wenu? Hospitalini, benki, kwa mwanasheria? Nyoosheni mikono. (Mikono ilinyooshwa mingi kuliko nilivyotegemea, na wengi walikuwa wasichana.) Shusheni, ahsanteni. Basi msiseme hamna uzoefu wa uongozi. Kubeba neno la mtu mwingine bila kulipunguza na bila kuliongezea lako, hiyo ni nusu ya kazi ya mbunge.

Mwaka 2016 Ilhan alimshinda, ndani ya chama chake, mama aliyekuwa amekaa katika bunge la jimbo la Minnesota zaidi ya miaka 40. Mwaka 2018 akachaguliwa kuingia bunge la taifa, Washington. Bunge lile lilikuwa na kanuni ya tangu mwaka 1837 iliyokataza kufunika kichwa ukumbini. Januari 2019 kanuni ikarekebishwa, akaingia na hijabu yake.

Sasa nataka tusidanganyane. Wako wanaoona kwamba ukishafika juu, swali la "wewe ni wa wapi?" linakufa. Halifi. Linapata kipaza sauti.

Kyenge akiwa waziri, seneta mmoja, makamu wa spika wa baraza lao la seneti, alimfananisha hadharani na sokwe. Mwezi huohuo wa Julai 2013, akiwa anahutubia mji wa Cervia, mtu akamrushia ndizi. Waziri wa serikali, mama mtu mzima, daktari, amesimama jukwaani anazungumza juu ya nchi yake, ndizi inaruka. Yeye alisema nini? Alisema ni huzuni kuona chakula kinatupwa wakati watu wana njaa. Na walipomwita "waziri wa rangi," kwa lile neno lao la kukwepa, aliwaambia: mimi si wa rangi, mimi ni mweusi, na ninajivunia.

Ilhan naye. Julai 2019 rais wa Marekani aliandika kwamba yeye na wabunge wenzake watatu warudi kwao, na siku chache baadaye kwenye mkutano wa hadhara huko Greenville, North Carolina, umati ukaimba "mrudishe". Mbunge aliyepigiwa kura, anaimbiwa arudishwe. Arudishwe wapi? Lakini sikilizeni kilichofuata. Siku iliyofuata aliposhuka uwanja wa ndege wa Minneapolis alikuta watu wamejaa wanamsubiri. Wanaimba: karibu nyumbani, Ilhan. Walikuwa majirani zake. Walikuwa wanamjua.

Na tusifichane jingine. Sheria kubwa aliyoipigania Kyenge, ya kuwarahisishia uraia watoto wanaozaliwa Italia na wazazi wahamiaji, haikupita. Uwaziri wake haukufika mwaka mmoja. Akaenda Bunge la Ulaya mwaka 2014, akamaliza kipindi kimoja mwaka 2019. Nasema haya kwa sababu nawaheshimu. Sitaki kijana atoke hapa akidhani kiti ndiyo mwisho wa safari. Ile kazi ya DAWA, ile ya Modena, hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake. Kiti kilikuja kikaondoka.

Nirudi nyumbani sasa, kwa sababu nchi hii ina deni la kujikumbuka.

Mwaka 1958 Waingereza walituletea uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Mpango wa kibaguzi, na wanachama wengi wa TANU walitaka ususiwe. Januari mwaka huo wakakutana Tabora. Tabora yetu. Mabishano yalikuwa makali mpaka chama kikataka kupasuka, na baada ya hapo Zuberi Mtemvu na wenzake walijitoa kweli. Mwalimu Nyerere akashikilia: tuingie. Tukaja kuuita Uamuzi wa Busara.

Watu huelezea uamuzi ule kama ujanja wa kisiasa, na ujanja ulikuwemo. Mimi nauona zaidi ya hapo. TANU iliwaendea wakulima wa kahawa, wachungaji, makuli, ikawaambia: Wazungu wamewalazimisha mchague Mwasia na Mzungu, basi chagueni mnaowajua. Kanda ya Kaskazini wakamchagua Sophia Mustafa, mama aliyezaliwa India, akakulia Nairobi, akahamia Tanganyika mwaka 1948. Alizunguka kuomba kura kwa Kiswahili. Mama wa Kiislamu wa asili ya Kashmir anaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika, mwaka 1958! Vijana, mlifundishwa hilo shuleni?

Na kule Bukoba alikuwepo mwalimu kutoka Sweden, Barbro Johansson. Alizaliwa Malmö mwaka 1912, akaja mwaka 1946 kufundisha. Akaanzisha shule ya wasichana Kashasha, wakati ambapo wazazi wengi waliona kumsomesha binti ni kupoteza ada. Mwaka 1959 akachaguliwa kwa tiketi ya TANU. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru, akachukua uraia wa Tanganyika. Walimwita Mama Barbro. Ukitoka hapa ukapanda gari la Kibamba, ukifika Luguruni, kuna shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake. Wasichana wanavaa jina hilo kwenye sweta zao. Hawaulizani lilitoka wapi.

Mtaniambia, dada, hao walikuwa na elimu, walikuwa na nafasi, si wakimbizi wa kulima tumbaku. Ni kweli, na sikatai. Mlango haukuwa mzito kwao kama ulivyo mzito kwa mtoto wa Katumba. Lakini angalieni aliyeufungua. Aliyeufungua alikuwa mwenyeji, tena mwenyeji aliyeonewa na kubaguliwa na watu waliofanana nao sura. Alikuwa na kila sababu ya kusema "hawa siwataki". Akasema "huyu namjua".

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wako wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere alisimama akasema, kwa hasira ambayo waliokuwepo hawakuisahau, kwamba serikali yake itajiuzulu kama msingi wa ubaguzi wa rangi utapita. Sheria ikapita bila rangi. Hiyo ndiyo nchi iliyompa baba yangu hati mwaka 2014. Kamba ni ileile.

Kwa hiyo Katiba yetu inasemaje leo? Urais unamtaka raia wa kuzaliwa. Ibara ya 39. Lakini ubunge, Ibara ya 67, unamtaka raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Haikuandikwa mahali alipozaliwa babu yake. Mtoto wa Mishamo anaruhusiwa. Karatasi zimeshafungua mlango. Kilichobaki ni majirani.

Naomba niwaeleze jambo moja lililonipata, kisha niwaachie.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama mmoja wa mtaani kwetu Mbagala kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Ofisi sitaitaja. Mama ni raia, hati anayo, niliishika mwenyewe mkononi. Karani akaliangalia jina. Akalisoma taratibu, herufi kwa herufi, akainua macho akasema, "Hili jina si la hapa." Hakutukana. Alisema hivyo tu, akaisukuma fomu ikarudi upande wetu wa meza. Mama hakujibu. Niliuona mkono wake unakwenda kwenye pindo la kanga, pale alipofunga hati. Unakwenda, unagusa, unarudi. Nikamkumbuka baba.

Mimi najua sheria. Ningeweza kubishana, na nilibishana. Nilinukuu vifungu mpaka sauti ikapanda. Fomu ikabaki pale pale.

Kesho yake tulirudi na mjumbe wetu, mzee wa Kizaramo, umri wake unapita miaka 70. Alivaa kanzu na koti, akaja kwa daladala mbili na goti lake linamuuma. Akamsalimia karani, akavuta kiti, akaketi. Hakutaja kifungu hata kimoja. Akasema: "Mwanangu, huyu namjua. Mtoto huyu alizaliwa wiki ile mvua ilipoangusha ukuta wangu, na mumewe ndiye aliyenisaidia kuujenga. Namjua." Karani akaivuta fomu. Akagonga muhuri.

Nilitoka pale nikiwa na furaha na nikiwa na uchungu. Uchungu, kwa sababu haki ya mtu haipaswi kusubiri mzee apande daladala mbili. Nitaendelea kulisema hilo ofisini na nje ya ofisi. Lakini nilijua pia kwamba nimeona kwa macho yangu kilichotokea Modena, kilichotokea Minneapolis, kilichotokea kule Kaskazini mwaka 1958.

Vijana mliotoka kwenye makazi, mliohamia Dar mkijificha ndani ya majina ya kuazima: rudisheni majina yenu. Nendeni kwenye mikutano ya mtaa, ulizeni mapato na matumizi, kaeni kwenye kamati ya maji, ya shule, ya ulinzi. Yasemeeni matatizo ya mtaa mzima, mtaro unaofurika kwa wote, msije mkawa wasemaji wa watu wenu peke yao. Na ninyi wenyeji, wazee wangu, nawaomba kwa heshima: mtu wa namna hiyo akisimama, msisubiri aulizwe ni wa wapi. Mtangulieni kusema.

Sasa tufanye kazi. Meza iko pale nje, kushoto mwa mlango, chini ya mti. Fomu za vyeti vya kuzaliwa ninazo, na za vitambulisho ninazo. Mwenye hati yake aje nayo, tutatoa nakala na kumrudishia palepale. Mjumbe wetu niliyemtaja amekuja, ndiye yule mwenye kanzu, safu ya pili. Atakaa nami mezani mpaka mtu wa mwisho. Kalamu tunazo tatu tu, kwa hiyo mwenye yake aitoe.